Kwa Mwalimu Anayeanza Kulea Chama cha Ushairi

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa chama cha Kiswahili mwaka huu, weka kalamu nyekundu kando kwanza. Yangu iliwahi kuninyamazishia kijana.

Alikuwa Kidato cha Pili, mkimya, wa dawati la nyuma. Aliniletea tarbia, shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mshororo huu: "Kikombe chake mezani, chai hutiwa ikapoa." Ukwapi, kipande cha kwanza, una mizani (silabi) 8; utao, kipande cha pili, 9. Nikauzungushia duara, nikaandika pembeni "mizani imezidi", nikamrudishia. Hakuleta shairi tena muhula mzima. Baadaye ndipo nilipojua kuwa baba alishahama nyumbani, na mama bado anamtilia baba huyo chai kila jioni.

Kurekebisha ni rahisi: "chai yatiwa yapoa", mizani 8 kamili. Hebu isome mishororo yote miwili kwa sauti. Mimi hadi leo naona ile mizani ya tisa ndiyo inayokikalisha kikombe pale mezani.

Sisemi arudhi, yaani kanuni za mizani na za vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande), zitupwe. Kijana anayehangaika kutafuta kina hujikuta ameandika neno ambalo hakukusudia kulisema, na mara nyingi ndilo lililokuwa likimkaba. Watakaotaka shairi huru, lisilofungwa na kanuni hizo, waache waandike. Ugomvi wa kama hilo nalo ni shairi wakubwa wetu walishaupigana tangu miaka ya 1970.

Mapema kabisa, kabla ya tamathali zote, wafundishe nafsineni: anayesema ndani ya shairi si lazima awe aliyeliandika. Kwenye mtihani hilo ni swali la alama chache. Kwa mtoto wa miaka 15 ni pazia. "Nafsineni amechoka kwao" anaweza kulisema mbele ya darasa zima bila mtu kumcheka. Kwa hiyo usimuulize kamwe mbele ya wenzake, "Haya ni yako?"

Siku ya kusomeana, sisi hukusanya karatasi zisizo na majina, kila mmoja akasoma ya mwenzake. (Miandiko wanaijua, hujifanya hawaijui.) Utamwona mtunzi amekodolea dari huku maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine. Anayetaka humjibu kwa ubeti mmoja, kama malenga wanavyojibizana magazetini. Makofi humfurahisha, lakini ubeti wa kumjibu humwonyesha kwamba kuna aliyemsikia.

Pazia nalo lina siku yake ya kufunuliwa. Nafsineni akitaja kupigwa, kuguswa asivyotaka, au kutamani kufa, mwite mtunzi faraghani siku hiyohiyo, umuulize waziwazi, kisha mwende pamoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Akikuomba usimwambie mtu, usimwahidi.