Usiku niliomnywesha mwanangu juisi bure

Mwanangu ana kisukari, na kihisi kilichobandikwa mkononi mwake hutuma namba za sukari kwenye simu yangu. Saa nane na nusu usiku simu ililia: 2.9, yaani sukari ya chini, mshale ukizidi kuelekea chini. Nilimwinua mwanangu, wakati huo ana miaka mitatu, nikamnywesha juisi macho yake yakiwa bado yamefumba. Dakika 10 baadaye namba ilisoma 3.1. Nikamwongezea. Kulipokucha sukari yake ilikuwa 17, juu mno. (Hapa natumia milimoli kwa lita, mliozoea miligramu kwa desilita, zidisheni kwa 18.)

Grafu ndiyo iliyonifumbua macho. Mstari ulikuwa umetulia kwenye 7, ukaporomoka ghafla, kisha ukapanda ghafla vilevile muda mfupi baada ya kumwinua. Kumbe alikuwa ameulalia mkono wenye kihisi. Sukari haikuwa imeshuka hata kidogo.

Kihisi hakipimi damu. Uzi wake mwembamba hukaa chini ya ngozi na kupima majimaji yaliyo kati ya seli. Mtoto akipalalia, majimaji hayo hubanwa na namba huanguka kwa uongo. Sasa kengele ikilia usiku namgeuza kwanza ubavu wa pili, nanawa mikono, namchoma kidole. Glukomita, kile kipimo cha sukari kwa tone la damu ya kidole, inalala kando ya kitanda, si kabatini. Ila akiwa anatetemeka, ametota jasho au amelegea, sisubiri kupima, natibu. Na asiyeamka hanyweshwi kitu kabisa. Hapo ni glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, kama mlivyofundishwa na daktari, na kuita msaada.

Kosa langu la pili usiku ule ndilo nililolirudia mara nyingi zaidi, hata mchana. Namba ya kihisi huchelewa nyuma ya damu, mara nyingi dakika 5 hadi 15. Ukishampa mtoto sukari, damu inaweza kuwa imeshapanda huku simu bado inakutisha. Kwa mtoto mdogo kiasi chenyewe ni kidogo mno: tulifundishwa gramu 0.3 za wanga kwa kila kilo ya uzito, yaani kama gramu 5 kwa mtoto wa kilo 15. Mimi nilikuwa nampa kikombe kizima! Mpe kiasi chake, ngoja dakika 15, kisha pima kwa kidole. Dakika hizo ni ndefu, nakiri.

Upande wa juu nao una mtego wake. Ukiona 14 na mshale wa kupanda, mkono unawasha kuongeza insulini, dawa inayoshusha sukari, ilhali ile ya chakula cha saa moja iliyopita bado inafanya kazi. Insulini ya haraka hukaa mwilini saa kadhaa. Mara mbili nilirundika dozi juu ya dozi, na mara mbili tuliishia kukimbizana na sukari ya chini.

Kengele: mwanzoni niliwasha zote, na baada ya wiki moja nyumba nzima ilikuwa haina usingizi wala subira. Ya chini sijaigusa, ila ya juu niliisogeza baada ya kukubaliana na daktari. Lengo la kawaida ni kati ya 3.9 na 10 kwa angalau asilimia 70 ya muda, kwa hiyo hata siku nzuri ina saa za kutoka nje ya mstari.

Siku ya kwanza ya kihisi kipya siiamini sana. Soma pia maelezo ya kifaa chako kabla ya kumpa dawa ya homa, maana parasetamoli hupandisha namba za baadhi ya vihisi. Gundi ibandue polepole kwa mafuta ya mtoto, na ubadilishe mahali kila mara.

Jambo moja lilinichoma kuliko yote. Simu ilipolia, mwanangu alikuwa anatazama uso wangu kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Nikaacha kusema "namba mbaya". Siku hizi nasema iko juu au iko chini, basi, naye ananipa kidole, kwa kawaida kile kilichopakwa rangi.