Eti jangwa halina mwenyewe? Nilichokiona Haima, Oman

Mkuu hapo juu umesema mabedui wanazurura tu na ngamia wao kwa sababu jangwa halina mwenyewe. Mimi nimeendesha boza la maji miaka minne Haima, ule mji mdogo ulioko katikati ya barabara ya Muscat kwenda Salalah, na waliokuwa wanapokea yale maji ni hao hao unaowasema, kwa hiyo hili siwezi kulipita kimya.

Eneo lenyewe linaitwa Jiddat al-Harasis, tambarare la kokoto mpaka macho yanachoka, na wenyeji wake ni Waharasis, kabila dogo lenye lugha yake ambayo hata Mwarabu wa Muscat haisikii. Visima vya maana vimekuja na watu wa mafuta miaka ya 1950, kabla ya hapo watu waliishi kwa maziwa ya mbuzi na ngamia na ule ukungu unaoingia kutoka baharini. Ukungu huo nimeuona mwenyewe, alfajiri unakuta mgunga umelowa chapachapa unadondosha matone, mbuzi wameshafika wanalamba majani, maana ikigonga saa mbili asubuhi kila kitu kimeshakauka.

Sasa malisho wanagawanaje? Hawayakati vipande. Mvua ya kule inaruka ruka, inapiga hapa halafu mwendo wa nusu saa kwa gari ni vumbi tupu, na mwaka unaofuata inaenda kwingine kabisa au haiji. Ukimpa kila mtu shamba lake na seng'enge, aliyekosa mvua mifugo yake imekwisha. Ndo maana majani ni ya kabila zima, mwenzako akipata mvua unahamia kwake, na wa kabila jingine akiwa na shida anakuja kuomba, na anapewa kwa sababu mwaka wa kesho muombaji anaweza kuwa wewe. Ila kisima walichochimba wenyewe, siyo vile vya watu wa mafuta, kina mwenyewe bwana, aliyechimba na ukoo wake! Mpita njia hanyimwi maji ya kunywa, lakini huwezi kuleta ngamia mia ukapiga kambi mwezi mzima bila ruhusa. Kwenye maji ndipo wanapopimia nani akae wapi na kwa muda gani.

Na wale wanaosema mfugaji ndo anamaliza ardhi na wanyama pori, wajue choroa mweupe, yule swala mkubwa wa jangwani, wa mwisho wa porini kule aliuawa 1972 na wawindaji waliotoka nje na magari yao. Choroa waliporudishwa porini 1982 walioajiriwa kuwalinda ni Waharasis, maana nani mwingine anaijua ile nchi?

Kitu kilichonifundisha zaidi lakini ni habari. Siku ya kwanza nilitaka nimwage maji niondoke, mzee mmoja akanikalisha chini, tende, kahawa, halafu akauliza "ulumkum?", yaani mna habari gani. Mimi nikajua ni salamu tu nikajibu kheri. Akacheka, akaanza upya taratibu: wingu umeliona wapi, barabara ililowa kuanzia wapi, korongo gani lilipitisha maji, umekuta mahema ya nani. Nikamwambia kusini huko nilikuta madimbwi pembeni ya lami. Kila dereva anayepita anaulizwa hivyo hivyo, na yeye akifika kambi inayofuata anayatoa yote, kuficha mvua uliyoiona ni aibu kubwa kwao.

Wiki iliyofuata nafika na boza langu, hema hakuna. Wamehamia kusini. Kwenye mgunga wao wameacha furushi limening'inia, mablanketi, sufuria kubwa, birika la kahawa, havina kufuli wala mlinzi, na pale ni njia ya magari kabisa. Nimepita mti ule wiki sita, furushi lipo vile vile, mpaka siku nilipomkuta mzee mwenyewe analishusha, na kabla sijazima injini akaniuliza "ulumkum?"