Skuta ya cc 125 Lushoto na Marangu wiki ya Krismasi: ogopa kushuka kuliko kupanda

Ndugu, umeuliza kama skuta ya cc 125, ile isiyo na gia za kubadilisha kwa mguu, inaweza kukutoa Tanga, ikakupandisha Lushoto na kukufikisha Marangu ukiwa na mkeo nyuma, kati ya tarehe 20 Desemba na Mwaka Mpya. Waliotangulia kukujibu wamebishana kuhusu nguvu ya injini tu. Mimi nilifanya safari hiyo Desemba 2022, kwa skuta ya aina hiyo hiyo, nikiwa na mke wangu ambaye kwao ni Mwika, jirani na Marangu, na kwa sababu hiyo suala la Desemba tunaila wapi huwa halijadiliwi nyumbani kwetu. Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila injini ndiyo iwe ya mwisho katika orodha ya mambo ya kukunyima usingizi. Kilichonitisha mimi ni mteremko, kisha magari ya watu wanaowahi kula sikukuu.

Kutoka Tanga hadi Mombo sina mengi ya kusema. Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, tukapita Muheza wauza machungwa wakiwa ndio kwanza wanapanga mafungu, na hadi Segera barabara ilikuwa tulivu. Baada ya Segera unaingia kwenye njia kuu inayotoka Dar es Salaam, na hapo mambo hubadilika ghafla, kwa sababu mabasi ya Moshi na Arusha yaliyoondoka Dar usiku au alfajiri huanza kukupita. Skuta ina matairi madogo na uzito mdogo. Basi likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza hukusukuma pembeni, kisha hukuvuta kuelekea nyuma yake. Shika usukani bila kuukaza, kaa upande wako wa kushoto lakini usiishie ukingoni kabisa mwa lami, na usijaribu kushindana na mtu. Sisi tulikwenda kilomita 50 hadi 60 kwa saa, tukapumzika Korogwe, tukafika Mombo kabla ya saa nne.

Jaza mafuta Mombo. Tangi la skuta nyingi ni lita 5 au zaidi kidogo, na mlimani hutapata ule ulaji wa mafuta uliouzoea mjini. Kutoka hapo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33, na unapanda kutoka mita kama 400 hadi karibu 1,400. Barabara ni ya lami lakini ni nyembamba, upande mmoja una ukuta wa mwamba na mwingine una bonde, na kona zake nyingine hujifunga kiasi kwamba gari kubwa hulazimika kuchukua barabara yote. Piga honi kabla ya kona, bila haya. Skuta yetu ilipanda kwa kilomita 30 hivi kwa saa, na mahali pengine 20, kwa kuwa tulikuwa wawili na mzigo. Injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo usiite fundi kila inapozubaa. Tulisimama Soni, mke wangu akanunua plamu ndoo ndogo nzima bila kujiuliza tutaiweka wapi, na saa sita tulikuwa Lushoto.

Sasa nije kwenye kushuka, ambako ndiko nilikofanya kosa. Pikipiki ya kawaida ukiiweka gia ya pili kwenye mteremko, injini huishikilia. Skuta haina gia hizo. Ina mkanda, na klachi ambayo hushika pale injini inapozunguka kwa kasi na kuachia mzunguko unapopungua. Ukifunga mafuta kabisa, yaani ukiurudisha mkono wa mafuta mwisho, na kushuka polepole, inafika mahali klachi inaachia, na kuanzia hapo chombo kinateremka chenyewe, kile mafundi wanachokiita frii, bila chochote cha kukizuia isipokuwa breki. Watu wengi waliozoea mjini hawajawahi kuligundua hili kwa sababu mjini hakuna mteremko wa nusu saa.

Tarehe 23 asubuhi tulianza kushuka kutoka Lushoto. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, lami ilikuwa na unyevu, na mimi, kwa kudhani kwamba mwendo mdogo ndio usalama, nikawa nimefunga mafuta na kubana breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, bila kuziachia. Tulipoipita Soni nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, kama kitambaa kilichosahaulika chini ya pasi. Hiyo ilikuwa breki ya nyuma, ambayo ni ya ngoma, ile ambayo breki shuu hubana ndani ya gurudumu. Kona mbili mbele nikabana breki ya mbele, na kishikio kikaja chote hadi kikagusa mpini, laini kama sifongo, na skuta haikupungua mwendo. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka. Nilikuwa sijayabadilisha tangu ninunue skuta hiyo, zaidi ya miaka miwili, na mafuta hayo hunyonya unyevu kadiri muda unavyopita, kwa hiyo huchemka mapema zaidi kuliko yakiwa mapya. Nilichobaki nacho ni ile ya nyuma iliyokwisha kuungua nusu, pamoja na miguu yangu. Kwa bahati njema kulikuwa na sehemu pana upande wa mwamba, yenye kokoto, nikaielekeza skuta huko na kukwaruza chini kwa viatu hadi ikasimama. Mke wangu alishuka, akavua kofia ngumu, akakaa juu ya jiwe na hakusema neno kwa dakika kumi, jambo ambalo kwa anayemfahamu ni onyo tosha.

Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kabichi hapo karibu alitutazama, akatuambia kwamba sisi ni wa tatu tangu Jumatatu. Alinizuia kumwagia maji ile diski iliyokuwa ya moto, na alikuwa na haki, kwa kuwa chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinaweza kupinda au kupasuka. Tulisubiri dakika arobaini. Breki ya mbele ilirudi, na njia iliyobaki niliiteremka kwa namna ambayo ningepaswa kuanza nayo: unabana breki kwa nguvu kwa sekunde chache hadi mwendo upungue, kisha unaziachia kabisa zipoe, halafu unabana tena. Na kabla mwendo haujashuka chini ya kilomita 20 hivi, unagusa mafuta kidogo ili klachi ishike, kisha unafunga. Injini itakusaidia, ingawa si kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo kabla ya kutoka Tanga, badilisha mafuta ya breki, kagua breki padi na breki shuu, na mwambie fundi afungue kava la mkanda autazame kama una nyufa. Gharama yake ni ndogo kuliko kofia moja ngumu.

Kuhusu wingi wa magari, siku moja kabla ya hapo tulikwenda Irente, ule ukingo ambao ukisimama unaona nyanda za chini upande wa Mazinde na mashamba ya mkonge. Barabara kuu inaonekana kama uzi. Tulikaa pale karibu saa nzima jioni, na uzi ule haukukatika hata mara moja: basi, Noah, basi, gari dogo lenye magodoro juu, basi. Zaidi ya nusu yake, nadhani, ni Wachagga waliokuwa wakirudi nyumbani, kama ule utani wa kwamba Desemba wanakwenda kuhesabiwa. Nikajiuliza kama kweli nilitaka kuingia katikati ya mstari ule na kupita Same na Mwanga, ambako upepo wa pembeni ni mkali na kivuli ni haba, nikiwa na matairi ya inchi kumi. Sikutaka. Baada ya tukio la breki sikutaka hata kidogo.

Pale Mombo nilimpata dereva wa Fuso aliyekuwa anarudi Moshi bila mzigo. Tulipatana shilingi 45,000, skuta ikapandishwa nyuma, nasi tukakaa mbele pamoja naye. Kama utafanya hivyo, usikubali waisimamishe kwa stendi peke yake. Tairi la mbele liegemee ubao wa bodi, usukani uvutwe chini pande zote mbili kwa mipira ya tairi kuukuu hadi shokapu zishuke kidogo, na uweke gunia mahali ambapo mpira unagusa rangi. Wapo watakaokwambia kwamba kupakia chombo kwenye lori ni kuikimbia safari. Waache. Mtu anayekwenda kuona milima hana sababu ya kuhatarisha familia kwenye tambarare.

Tulishushwa Himo, pale barabara ya Marangu inapoachana na ile ya kwenda Holili, na kutoka hapo skuta ikawa tena chombo kinachofaa kuliko vyote. Barabara ya Marangu, Mwika, Mkuu hadi Tarakea ni ya lami, na wakati wa sikukuu magari hujazana kwenye vituo vya biashara hadi mtu wa gari hukaa nusu saa mahali ambapo wewe unapita kwa dakika tatu. Jihadhari na misafara ya arusi. Msimu huo ndio wa arusi, ubatizo, kipaimara na kujengea makaburi, vyote kwa pamoja, kwa kuwa ndio wakati pekee ukoo mzima unapokuwapo. Tarehe 26 tulikwama nyuma ya pikapu iliyobeba matarumbeta, mlimani, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Raha kuitazama, lakini kupanda kwa mwendo huo huifanya klachi ya skuta isuguane bila kushika sawasawa na kupata moto. Niliegesha, nikawaacha waende mbali, ndipo nikaendelea. Saa kumi na mbili jioni funga safari ya siku. Baada ya hapo mbege na bia huwa zimeshaanza kuendesha baadhi ya magari, na wenye magari wengine ni wageni wa barabara za mlimani kama wewe.

Mambo machache yaliyobaki. Nyumba za wageni za Lushoto na Marangu ziwekee nafasi mapema, nasi tuliokolewa na ukweni. Beba fedha taslimu za kutosha siku tatu, kwa sababu kuanzia tarehe 23 nilizunguka kwa mawakala wanne wa kutolea pesa kwenye simu, na wote walikuwa hawana kitu. Mvua za vuli huenda zikawa hazijaisha, na njia za udongo mwekundu zinazotoka kwenye lami kuingia kwenye vihamba, yale mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, huteleza mno. Pale mke wangu alishuka akatembea, nami nikafuata polepole miguu ikiwa chini. Trafiki ni wengi, kwa hiyo leseni, bima na kofia ngumu mbili visikosekane.

Kurudi tulisubiri hadi tarehe 4 Januari, siku ambayo wengi walioajiriwa walikuwa wameshapita. Mke wangu alipanda basi la Tanga akiwa na ndizi na mabegi yote, nami nikateremka peke yangu hadi Himo nikibana na kuachia. Nilipofika Same kujaza mafuta, kijana wa kituo alikuwa amelala kwenye kiti, ikabidi nimwamshe.