Oili ya gia boksi ya otomatiki: anza na stiki, si na kopo

Gari la otomatiki likianza kushtuka kwenye kubadilisha gia, wengi wetu hapa Dodoma tunakwenda duka la spea na kuomba "ATF nzuri", yaani oili ya gia boksi ya otomatiki. Hakuna ATF iliyo nzuri kwa magari yote. Kuna iliyotengenezwa kwa ajili ya gia boksi yako na kuna isiyo yako, hata kama zote mbili ni nyekundu, na hata kama hiyo isiyo yako ndiyo ghali zaidi. Wekundu ule ni rangi tu, imetiwa ili ukiona tone chini ya gari ujue limevuja kutoka wapi.

Mimi naendesha Toyota IST ya umbo la kwanza, lile lililotoka mwaka 2002. Siku za kazi ni Nzuguni na Mtumba, na mara kwa mara naenda Singida kwa wazazi. Ukichomoa stiki (kile kijiti cha kupimia oili) ya gia boksi ya gari hili ukaifuta, utaona maandishi kwenye bati: T-IV, jina la aina ya ATF ya Toyota. Hayo ndiyo ya kubeba kwenda dukani. Gari lako likiwa halina stiki, kama yalivyo mengi yanayotumia oili ya WS, aina mpya zaidi ya Toyota, kitabu chake kitakwambia, au mpe muuza spea anayejua kazi namba ya chesisi.

Kwa nini nasisitiza aina? Kwa sababu oili hii haifanyi kazi ya kulainisha tu. Ndani ya gia boksi kuna sahani za klachi, na kinachozibana ni hiyo hiyo oili ikisukumwa kwa presha. Inatakiwa iteleze ya kutosha kulinda chuma, lakini isiteleze mno hadi klachi zishindwe kushikana. Viungo vinavyoleta uwiano huo havifanani kati ya T-IV na Dexron III, ile ambayo magari mengi hutumia kwenye pawa stelingi na ambayo mafundi wengi huwa nayo karibu. Ukikosea upande mmoja, gia inashika kwa kishindo au gari linatetemeka ukiwa kwenye mwendo wa kati. Ukikosea upande wa pili, injini inanguruma, gari haliendi ipasavyo, na klachi zinaungua kidogo kidogo bila wewe kujua.

Je, ni lazima kopo liwe na nembo ya kampuni iliyotengeneza gari? Hapana, na nimetumia ya kampuni nyingine kwa amani kabisa. Ila soma mgongo wa kopo. Likisema oili imeidhinishwa, maana yake mtengenezaji wa gari ameipima na kuikubali. Likisema inafaa kutumika badala ya T-IV, hilo ni neno la muuza oili mwenyewe. Kwa magari ya Kijapani makopo mengi yana hilo neno la pili, kwa hiyo unachonunua hasa ni uaminifu wa aliyeitengeneza. Ndiyo maana mimi hupendelea jina kama Aisin, kampuni inayotengeneza gia boksi nyingi za Toyota na kuuza oili kwa jina lake.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni uzito, yaani unene, wa oili ikiwa ya moto. T-IV ina takriban sentistoki 7 (kipimo cha unene huo) kwenye nyuzi 100, WS ni nyepesi, karibu 5.5, na zile zinazojitangaza kuwa za magari yote mara nyingi ziko katikati. Takwimu hiyo iko kwenye karatasi ya bidhaa, na ukiandika jina la oili mtandaoni utaipata. Kwa gia boksi ya zamani iliyoundwa kwa T-IV, mimi nachukua iliyo karibu na 7, tena sinthetiki kamili kama mfuko unaruhusu. Toka Kintinku upande Saranda kwenda Manyoni saa nane mchana, gari limejaa watu na magunia, ndipo utaelewa sababu. Oili ikipata moto sana inapungua uzito, presha inashuka, na inazeeka haraka. Sinthetiki huvumilia moto vizuri zaidi. Pale mlimani pia zima O/D, yaani gia ya juu kabisa, ili gari lisiwe linaruka gia ya tatu na ya nne kila dakika.

Hapo kwenye moto kuna jambo la Dodoma kabisa. Oili ya gia boksi, kwenye magari yetu mengi, inapozwa ndani ya rejeta. Maji yetu ya visima ni ya chumvi, kila mwenye birika anaona ule ukoko mweupe. Ukiyatia kwenye rejeta, ukoko ule ule unajijenga ndani na oili yako inakosa pa kupoa. Unaweza kuweka sinthetiki ya bei yoyote, na bado ikaungua. Tia kulanti.

Kwa magari ya CVT, yaani yenye gia boksi isiyo na gia za hatua, sina mzaha. Shemeji yangu ana Premio ya umbo la mwaka 2007, ambayo ni CVT, na fundi alimjazia T-IV kwa kuwa Premio ya umbo la kabla yake ya cc 1800 ilikuwa ya gia nne na hutumia hiyo. CVT ina mkanda wa chuma unaobanwa na puli za chuma, na oili yake imeundwa ili chuma kishike chuma. ATF ya kawaida inauacha mkanda uteleze na kuchuna puli. Toyota wana TC na FE, Nissan wana NS-2 na NS-3. Usikubali fundi akwambie zote ni hydraulic.

Wakati wa kubadilisha, ukifungua nati ya sampo (bakuli la oili chini ya gia boksi), gia boksi hizi ndogo hutoa lita 3 hadi 4, karibu nusu tu, kwa kuwa nyingine inabaki kwenye kibadilisha nguvu (torque converter) na kwenye njia za oili. Pima ulichomwaga kwenye chupa za maji na urudishe kiasi kile kile. Endesha wiki chache, kisha rudia. Siafiki kuiosha kwa mashine ya presha kwenye gari lililotembea sana bila kuhudumiwa, inaweza kuamsha uchafu uliotulia ukaziba njia za vali bodi, sehemu inayogawa presha ya oili. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku za sampo ni wa kawaida. Vipande vya chuma, au oili nyeusi inayonuka kuungua, ni habari ya klachi zilizokwisha, na hapo hakuna oili itakayozirudisha, wala zile chupa ndogo za dawa.

Shuhudia kopo likifunguliwa mbele yako, maana oili iliyochakachuliwa ipo. Kisha pima gari likiwa limetembea hadi oili ipate moto, injini inawaka, umepitisha leva gia zote taratibu na kurudi P. Soma alama ya HOT. Ikizidi inatoa povu, na povu halibani klachi.

Na kama gari linashtuka tu unapolitoa N kwenda D likiwa limesimama, kabla hujanunua chochote mwambie fundi aangalie mauntingi za injini na sailensa ya injini, yaani mzunguko wake gari likiwa limesimama, isiwe juu. IST nyingi ninazoletewa zenye mshtuko wa namna hiyo, raba ya mauntingi ndiyo imekatika.