Shika pedi ya gemu kwanza, kura izungumzwe baadaye

Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota nchini Marekani, na kila msimu wa uchaguzi najitolea kuwahimiza vijana wa mtaani kwetu wakapige kura. Wengi nawapata kwenye magemu kuliko nikigonga milango. Kwa yeyote anayetaka kuianza kazi hii, ushauri wangu ni mmoja: ingia ucheze, usiingie kubandika mabango.

Mabango yalishajaribiwa. Mwaka 2008 kampeni ya Obama ililipia matangazo ndani ya Burnout Paradise, gemu ya mbio za magari, na wachezaji wa majimbo 10 wakayaona kando ya barabara yakisema kura ya mapema imeanza. Habari yenyewe ilikuwa ya maana. Lakini kijana aliye mbioni akiwa na swali, bango halimjibu.

Oktoba 2020 mambo yalikuwa tofauti. Alexandria Ocasio-Cortez, mbunge kutoka New York, aliuliza Twitter ni nani atacheza naye gemu ya Among Us, kisha akaingia Twitch, mtandao wa kuonyesha watu wakicheza magemu, mubashara pamoja na Ilhan Omar, mbunge wetu hapa, ambaye utotoni alipitia kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Watazamaji walipita 400,000 kwa wakati mmoja, nao wakaelekezwa tovuti ya kupanga namna ya kupiga kura. Gemu ilichaguliwa vizuri mno. Wahudumu wa chombo cha anga wanamsaka msaliti, wanaitisha kikao, wanabishana, wanapiga kura kumtupa mtu nje. Humo mbunge anashukiwa na kubanwa kwa maswali kama mchezaji mwingine yeyote, na kijana anayaona yote.

Kwa hiyo tafuta gemu yenye mapumziko. Mimi napenda FIFA, kwa sababu mechi ikiisha watu hupiga soga. Hapo ndipo kijana mmoja aliponiuliza kama anaweza kupigia kura chuoni anakosoma badala ya kwao. Anaweza, mradi ajiandikishe kwa anwani anayoishi, na asipige kura mara mbili. Minnesota unaweza hata kujiandikisha siku yenyewe ya uchaguzi, ukifika kituoni na uthibitisho wa makazi. Yajue mambo haya kabla hujawasha mashine.

Uliza pia umri na jimbo. Mtandaoni unaweza kucheza na mtoto wa miaka 14 au mtu wa Ufaransa. Hata hivyo, wenye miaka 16 na 17 usiwapuuze: kwetu wanaruhusiwa kusaidia vituoni kama wasimamizi wanafunzi, na nimeona jinsi wanavyoipenda kazi hiyo.

Soma masharti ya gemu. Kampeni ya Biden ilijenga kisiwa ndani ya Animal Crossing, gemu ya kampuni ya Nintendo. Novemba 2020 Nintendo ikazitaka kampuni na mashirika yasiingize siasa humo.

Na tafadhali, matokeo yakitangazwa usipotee. Endelea kucheza nao. Ninaocheza nao mwaka mzima ndio wanaonitumia ujumbe uchaguzi wa baraza la jiji ukikaribia, wakiuliza kituo chao kiko wapi.