Embe Pevu Si Embe Bivu: Majibu kwa Wanaoona Hawakui Kiroho

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nimeokoka mwaka wa saba huu, ila hasira haijaniacha. Juzi nimemtolea wifi yangu maneno makali mbele ya watoto. Hivi kweli niliokoka? (Dada, Mbeya)

Amina, dada. Kwanza, wifi umemwomba msamaha? Nauliza kwa sababu wengi wetu hutubu chumbani, mlango umefungwa, na aliyetukanwa hasikii lolote. Nenda kwake, na watoto wale wawepo.

Ama kuhusu wokovu, mtazame Petro. Alimkana Bwana mara tatu, akalia, akarudishwa. Siku ya Pentekoste akahubiri, wakaongezeka watu wapata 3,000. Ungesema huyu amefika. Miaka ikapita, akawa Antiokia anakula na watu wa Mataifa. Walipokuja wageni Wayahudi kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akajitenga kwa woga, hata Paulo akamkemea mbele ya wote (Wagalatia 2). Hofu ile ile ya ukumbini kwa kuhani mkuu, alikomkana Bwana, ilikuwa imebisha hodi tena. Kinachonipa moyo katika barua yako ni kwamba ulichofanya kimekuuma. Miaka saba iliyopita pengine ungemsimulia jirani huku unacheka.

Kijana wetu mmoja ameokoka mwaka jana tu. Ananena kwa lugha, anahubiri, anaongoza mkesha. Mimi mkongwe hata kuomba mbele za watu natetemeka. Nimedumaa? (Nakuru)

Wakorintho hawakupungukiwa karama yoyote. Paulo mwenyewe anawaambia hivyo katika sura ya kwanza ya 1 Wakorintho. Ukifika sura ya tatu, anawaita watoto wachanga wa kunyweshwa maziwa. Kisa? Husuda na fitina: mimi wa Paulo, mimi wa Apolo, mhubiri mwenzake. Karama mtu aweza kupewa kwa siku moja. Tunda la Roho lina msimu wake.

Yesu alisema nchi huzaa yenyewe, "kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke" (Marko 4:28). Nalipenda hilo neno *pevu*. Waliokulia chini ya miembe wanajua: embe pevu laweza kuwa bado la kijani na gumu, lakini ukilivundika linaiva. Embe changa ukilivundika linasinyaa tu. Kwa hiyo mimi ninayemhofia ni huyo kijana wenu, si wewe. Mkesha, mimbari na sifa ndani ya mwaka mmoja, huko ndiko kuvundika. Mkae naye chini, umsikilize. Na ukitaka kujua kama umekua, iache maikrofoni. Waulize unaoishi nao nyumba moja.

Kila Januari naanza Mwanzo, nakwama Walawi. Nifanyeje?

Ruka. Hakuna malaika anayeita mahudhurio. Anza na Injili ya Marko: ina sura 16, ukisoma moja kwa siku unamaliza kwa wiki mbili na siku mbili. Kisha irudie. Walawi itakungoja.

Nimeambiwa sikui kiroho kwa sababu sijapanda mbegu ya fedha. Kiwango ni laki tano.

Baki na laki tano yako. Simoni wa Samaria alipoleta fedha ili apewe uwezo wa Roho, Petro alimjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Sadaka toa, kwa moyo. Ikishapangiwa bei, hiyo ni biashara.

Mwanangu alipata kipaimara kwa furaha, akaenda chuo, sasa kanisani hakanyagi. Mama yake ananilaumu kwamba namnyamazia. (Baba, Moshi)

Shikamoo, mzee. Yohana Marko alimwacha Paulo njiani, huko Perge, akarudi zake Yerusalemu. Safari ya pili Paulo akakataa katakata kumchukua, akashindana na Barnaba hata wakatengana. Barnaba, binamu yake Marko, akamchukua kijana wakaabiri merikebu kwenda Kipro. Miaka mingi baadaye Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amlete Marko, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11).

Sasa niambie, mzee: katika ukoo wenu Barnaba ni nani? Mjomba? Binamu aliyemtangulia chuo? Mwombe amwalike kijana Jumamosi, wale, wacheke, na habari za kanisa zisitajwe mpaka azitaje mwenyewe.