Wakisema "mnakula raha tu", waelezeni siku nzima

Juzi msomaji mmoja wa Tanga aliyeolewa huku Entebbe kaniandikia, "Dada, watu wa nyumbani wanadhani tuko peponi, nifanyeje?" Nimesoma mara mbili nikaweka simu chini, maana hilo lilishanichoma mimi mwenyewe.

Mimi na mume wangu tulitoka Mombasa miaka mitatu nyuma tukapanga chumba na sebule hapa Old Kampala. Kila Jumapili tulikuwa tunashuka Ggaba, pale ufukweni mwa Ziwa Victoria, tunakula ngege wa kukaanga, tunapiga picha, tunarusha kwenye grupu la familia. Picha za Ggaba tu. Ikaja harusi ya wifi yangu, tukaitishwa mchango tukasema safari hii hatuna, mtu akaandika mbele ya wote, "Samaki mzima kila wiki, mchango hakuna, mnakula raha tu." Mume wangu hakujibu, alitoka akakaa kwenye ngazi mpaka adhana ya isha. Aliyeandika hajaomba radhi, na mimi sijamdai, ila maneno yale bado yamenikaa kooni.

Lakini wangejuaje? Mombasa Julai ni kusi, kibaridi na manyunyu, huku ndiyo kiangazi, Juni mpaka Agosti vumbi jekundu linaingia hadi kwenye sukari. Mwaka ule bomba lilikauka siku nne, muuza maji anatuletea kwa baiskeli, jerikeni ya lita 20 shilingi 1,000 za Uganda, na mume wangu ni fundi simu, siku simu haziji basi hakuna kitu. Hayo hatukuyapiga picha.

Nikaanza kumrekodia mavyaa sauti kwenye WhatsApp kila Ijumaa, nikiwa jikoni au nafua, siku yote kama ilivyo. Siku moja akasikia maji kwenye beseni akauliza, "Mbona wayamwaga kidogo kidogo hivyo?" Nikamwambia haya tumeogea, sasa nadekia. Akanyamaza. "Na huyo mwanangu usiku ala nini?" Rolex, mama, chapati imeviringishwa na mayai, moja twagawana. Akasema, "Haya mwanangu, endelea kunambia."

Kwa hiyo mdogo wangu wa Entebbe, na nyinyi wote mlio mbali na kwenu, acheni kupamba maisha. Ukituma samaki tuma na jerikeni. Usingoje uitishwe mchango ndiyo uanze kueleza shida, hapo itaonekana kisingizio, eleza mapema, eleza siku za kawaida, na raha pia usifiche, kwani ni dhambi kula samaki na mumeo? Mzazi anaweza kubeba ukweli, asichoweza ni kusikia kwa watu. Na ongea kwa sauti yako, meseji haina pumzi, mama anakujua kwa pumzi.

Wiki mbili baada ya ile rekodi tulipigiwa simu tukachukue mzigo kwenye basi. Mavyaa katuma ndoo kubwa ya mfuniko, ndani kapakia papa mkavu, achari ya embe na bizari, juu kabisa kikaratasi kwa mkono wake: "Ndoo ni ya maji." Imevuka mpaka hadi kutufikia. Mume wangu aliiosha mwenyewe, mara tatu, na maji yenyewe yalikuwa ya kununua. Iko hapa mlangoni imejaa, na ukifungua mfuniko bado inanukia papa.